Vazi la Mwenye Kushika Amana

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia nguo za kusitiri miili yetu na za kutupamba, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, khabari tutakayoieleza ni ya nyumba moja tu, nayo ni yetu. Lakini twaamini kuwa nyumba nyingi za Waislamu zitajiona ndani yake, khasa zile zenye kijana aliyemaliza masomo na kubahatika kupata kazi. Aghalabu wazazi hudhani kuwa mtihani wa kijana umekwisha siku apatapo barua ya kazi. Sisi pia tulidhani hivyo, mpaka barua ilipofika; na siku ile ile mtihani mwingine ukaanza, nao ulikuwa mtihani wa nguo.

Twakaa Maji ya Chai, kiasi cha kilomita 25 mashariki ya mji wa Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Binti yetu alisoma katika Chuo cha Uhasibu kilichoko Njiro, na baada ya kumaliza alikaa nyumbani mwaka mmoja na nusu akituma maombi huku na huko. Mwisho Mwenyezi Mungu akamfungulia mlango katika ofisi moja ya fedha mjini, katika zile ziendeshazo shughuli zake bila ya riba. Furaha yetu ikawa mara mbili, kwani jambo lililokuwa likitutia wasiwasi tangu alipoanza masomo yake lilikuwa ni hilo la riba. Tulipokuwa vijana sisi, Mwislamu wa kwetu aliyetaka kazi ya benki hakuwa na pa kuchagua. Leo, alhamdulillahi, njia imepanuka. Mwaka 2011 Benki ya Amana ilifungua milango yake, ikiwa benki ya kwanza Tanzania kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu. Na mwaka 2021 benki ya CRDB, iliyo moja katika mabenki makubwa ya nchi, ikaanzisha huduma zake za Al Barakah. Kijana mwenye ujuzi wa hesabu aweza sasa kutafuta riziki yake humo bila ya kuuchafua moyo wake.

Barua ilimtaka afike kazini baada ya wiki mbili. Na chini yake palikuwa na mstari mmoja wa mavazi: nguo za heshima za kiofisi, zenye rangi zilizotulia, na viatu vya kufunika vidole. Mstari huo mmoja ulitukosesha usingizi.

Jioni ile binti yetu alifungua sanduku lake mbele ya mama yake. Mlikuwamo mabaibui mawili, moja limepauka mabegani kwa jua. Magauni ya nyumbani. Mtandio wa Idi. Na viatu vya chuoni ambavyo soli zake zilikwisha shonwa mara mbili. Kwa mwanafunzi nguo hizo zilitosha. Kwa mtu atakayekaa dirishani kupokea fedha za watu, mwenyewe aliona hazitoshi, wala hatukuweza kumkanusha.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya Isha, alikuja kwetu na karatasi mkononi. Alikaa chini, akainamisha kichwa, akasema, "Baba, naomba uniwie radhi. Nimepata mahali pa kukopa. Nikipata mshahara nitalipa, nisiwasumbue wewe na mama."

Tukaisoma karatasi. Wangempa shilingi 300,000, naye angerejesha 390,000 kwa wiki nane, yaani shilingi 48,750 kila wiki, na siku aliyochelewa ingekuwa na adhabu yake. Ilikuwa mikopo ile ambayo watu wa mitaani wameipa jina linaloistahili: kausha damu. Tumewaona mama wa kwetu wakijificha vichakani wasikutane na wenye kudai, na tumeona masufuria na magodoro yakibebwa mchana watu wakitazama.

Tukamwuliza, "Mwanangu, ofisi unayokwenda hufanya kazi gani?"

Akajibu, "Kuweka na kuzungusha fedha za watu bila ya riba, baba."

"Na nguo utakazozivaa kwenda huko zitakuwa zimenunuliwa kwa nini?"

Akanyamaza. Machozi yakamlengalenga, akaichukua karatasi ile akaikunja mara mbili, kisha mara nne.

Wasomaji wetu, twakiri kwenu kuwa usiku ule hatukujiona kuwa washindi. Kukataza ni kazi rahisi. Ulimi wafanya mara moja. Lakini binti yule alikuwa amebakiwa na siku kumi na mbili, na sisi tuliomkataza hatukuwa na shilingi za kumpa. Mzazi afungaye mlango wa haramu bila ya kusaidia kufungua mlango wa halali amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki humwachia Shetani. Vijana wangapi wameambiwa "riba ni haramu" na wazazi waliokwisha kwenda zao kulala!

Kabla ya kueleza jinsi mlango ulivyofunguka, na tuseme neno juu ya nguo zenyewe, kwani wako wenye kudhani kuwa mcha Mungu hana haja ya kujishughulisha nazo. Hilo si kweli. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alipoonya juu ya kiburi, mtu mmoja alimwuliza khabari ya apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Mtume hakumlaumu, alimfahamisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi unadhifu si kiburi. Na Mwenyezi Mungu, katika Suratul Aaraf, ametaja nguo ya kusitiri na nguo ya pambo, kisha akaitaja nguo ya ucha Mungu kuwa ndiyo bora. Hakuziondoa zile mbili za kwanza. Ameiweka ya tatu juu yao.

Ama deni, Mtume wetu alikuwa akijikinga nalo kwa Mwenyezi Mungu ndani ya sala yake. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa mtu aingiapo katika deni husema akaongopa, na huahidi asitimize. Fikirini hayo kwa mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu fedha za wenziwe. Kila wiki adaiwa 48,750, na kila siku mikono yake yapita juu ya mamilioni yasiyo yake. Hatusemi kuwa kila mwenye deni ni mwizi, tunajikinga kwa Mungu na dhana hiyo. Twasema kuwa si busara kumpeleka kijana mlangoni pa majaribu hali amefungwa kamba miguuni.

Siku zile tulirudi kuisoma Suratu Yusuf, na ilikuwa kama twaisoma mara ya kwanza. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi ya Misri. Alipoomba hakuutaja uzuri wake, ingawa uzuri wake ulikuwa mashuhuri. Wala hakutaja nasaba yake, ingawa alikuwa mwana wa Manabii. Alitaja mambo mawili tu: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye ujuzi. Hata leo, mwenye kutafuta mhasibu hana zaidi ya kutafuta ila hayo mawili.

Lakini tazameni pia khabari ya kanzu yake. Katika mahali patatu ndani ya sura ile kanzu ya Yusuf yatajwa. Kwanza, ndugu zake waliipaka damu ya uwongo wapate kumdanganya baba yao. Pili, ilipochanwa upande wa nyuma, ikawa shahidi wa usafi wake. Tatu, ilipopelekwa kwa Nabii Yaakub (a.s.) ikawekwa usoni pake, akarudishiwa macho yake. Tukafahamu kuwa nguo husema. Yaweza kusema uwongo juu ya mwenye kuivaa, yaweza kumshuhudia kwa kweli, na yaweza kumpa mzazi wake nuru ya macho. Koti zuri lililonunuliwa kwa kausha damu lasema, "Huyu ni mtu aliyejitosheleza," na ndani yake mna mtu asiyelala. Koti hilo ni kanzu ile ya kwanza. Tulimweleza binti yetu hayo, naye ndiye aliyesema, "Basi, baba, na tutafute kanzu ya pili."

Mama yake yumo katika upatu wa wanawake ishirini wa kijijini, Waislamu na Wakristo pamoja. Kila mmoja hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi, na mmoja wao hupokea 200,000. Hapana apokeaye zaidi ya alichotoa, na kwa hivyo hamna riba ndani yake. Ni kusaidiana tu. Zamu ya mama watoto ilikuwa bado miezi mitatu. Zamu ya mwezi ule ilikuwa ya jirani yetu, mama wa Kimeru aendaye kanisani kila Jumapili, naye alikwisha kupanga kununua mabati ya jiko lake. Mama watoto alikwenda kwake asubuhi, akamweleza shida bila ya kuficha. Yule mama akasema, "Masika hayajaingia. Jiko langu litangoja. Binti akavae." Akatoa zamu yake, akachukua yetu. Twaliandika jambo hili kwa makusudi, ili vijana wetu wajue kuwa aliyetusaidia kuikwepa riba alikuwa mtu asiye wa dini yetu, na kuwa haki ya jirani si maneno ya mimbarini tu.

Shilingi 200,000 zilipopatikana, likaja swali: ni nguo gani basi ziitwazo za kiofisi? Na hapa yafaa vijana wajue kuwa mitindo ya ofisi katika nchi hii haikuteremka kutoka mbinguni. Zamani makarani Waislamu wa pwani walikwenda kazini na kanzu na koti juu yake, na kofia kichwani, wala hapana aliyewaona si watu wa ofisi. Mwezi wa Februari mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Na katika miaka ile ya Ujamaa wakubwa wengi waliiacha tai wakavaa suti ya mikono mifupi iliyoitwa kwa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Leo suti ya Kaunda imekuwa nadra, na tai imerudi. Mwaka 2007 Serikali ilitoa waraka wa mavazi kwa watumishi wa umma, ukakataza nguo za kubana, fupi, na zenye kuonyesha mwili. Basi mitindo yaja na kwenda, na kilichobaki katika yote hayo ni stara, usafi na utulivu. Mambo hayo matatu Mwislamu hakuyajifunza ofisini. Alikwenda nayo kutoka kwao.

Tukaweka sharti nne, nazo twawapa wasomaji kama tulivyozitumia.

Sharti ya kwanza, nguo ya kazi iwe ni nguo ya sala. Sala ya Adhuhuri na ya Alasiri zitamkuta kazini. Kwa hivyo mikono ya blauzi iwe mirefu lakini ipandishike hadi juu ya viwiko wakati wa kutawadha. Sketi iwe pana, aweze kurukuu na kusujudu bila ya kuivutavuta. Na viatu vivuke kwa wepesi. Nguo ambayo mtu hawezi kusali ndani yake itamfanya aihesabu sala kuwa usumbufu, na hapo ndipo uvivu uanzapo.

Sharti ya pili, nguo zisikilizane. Rangi tatu zatosha: nyeusi, kijivu na buluu iliyokoza, ili kila koti liende na kila sketi. Mwenye makoti mawili, sketi mbili na blauzi tatu zinazopatana aweza kuvaa wiki nzima bila ya kurudia sura ile ile, na mwenye nguo kumi zisizopatana hulalamika kila asubuhi kuwa hana nguo.

Sharti ya tatu, nguo iendane na njia. Kutoka nyumbani kwetu hadi barabara kuu ni mwendo wa dakika ishirini, kwa vumbi wakati wa kiangazi na kwa matope wakati wa masika. Kisha ni daladala kupitia Usa River na Tengeru. Viatu vya ofisi, basi, husafiri ndani ya mfuko, na raba za zamani ndizo ziendazo na matope. Na katika mwezi wa Juni na Julai baridi ya Meru haimstahi mtu, kwa hivyo sweta zito ni faradhi ya afya.

Sharti ya nne, fedha isizidi ile iliyopo. Hapana "nitamalizia mwisho wa mwezi."

Siku ya Jumamosi mama na binti walikwenda Tengeru sokoni. Wale wanaoona haya kuvaa mitumba twawaambia kuwa haya hiyo haina msingi. Asili ya nguo ni tohara. Huoshwa kwa maji mengi na sabuni, ikaanikwa juani, ikavaliwa. Ustadi ni katika kuchagua. Mama watoto huigeuza nguo ndani nje, akatazama mishono, makwapa na kola, akaivuta kidogo kuona kama uzi umeoza, kisha ndipo aulizapo bei. Walipata koti la kijivu kwa 14,000 na la buluu kwa 10,000. Hilo la pili muuzaji mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama, angalia hapa bitana limeachia," ndipo akapunguza bei. Tulipoelezwa tulimkumbuka Imam Abu Hanifa, aliyekuwa mfanya biashara wa nguo. Mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumwonyesha mnunuzi, na Imam, aliposhindwa kumpata yule mnunuzi, aliitoa sadaka fedha yote ya mauzo. Yule kijana wa Tengeru pengine hajapata kulisikia jina la Imam, lakini alifanya kazi yake.

Hesabu yote, kwa wenye kutaka kuiga, ilikuwa hivi: makoti mawili 24,000, kitambaa mita sita cha sketi mbili ndefu 48,000, blauzi tatu za mitumba 12,000, abaya moja nyeusi mpya 40,000, mitandio minne 20,000, viatu 25,000, na ujira wa fundi cherehani 26,000, naye alishona sketi, akarekebisha makoti, akalipa bitana uhai mpya. Jumla 195,000. Shilingi 5,000 zilizobaki zilinunua brashi na rangi ya viatu. Binti yetu aliiandika hesabu hiyo katika daftari, upande wa kuingia na upande wa kutoka, tukamwambia kuwa hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya uhasibu, nayo imelingana.

Tulidhani tumemaliza. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kazi, alizivaa nguo zake mbele ya kioo cha mama yake. Koti lilimkaa, mtandio ulitulia, nasi tulisema "Mashaallah." Akatabasamu, mara akaufunika mdomo kwa mkono. Kisha akasema polepole, "Mama, nitavaa barakoa. Nitasema nina mafua."

Hapo ndipo yatupasa kuwaeleza wasomaji wasioijua Maji ya Chai. Mto wetu umepata jina lake kwa rangi ya maji yake, yanayofanana na chai. Wageni hulifurahia jina hilo, lakini madhara ya maji ya upande wetu hayaonekani kwa macho. Maji yatokayo Mlima Meru hupita katika mawe ya volkano, nayo hubeba madini yaitwayo floraidi. Shirika la Afya Duniani lapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Na mito na chemchemi nyingi za huku hukipita kipimo hicho kwa mbali. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yanapoumbika huota meno yenye madoa ya kahawia, ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa dawa ya meno. Na ikizidi sana, huidhuru hata mifupa. Si uchafu, wala si uzembe. Karibu nasi, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi, ambako hutumiwa makaa ya mifupa kuchujia maji. Sisi tulikuja kuchuja maji ya nyumbani kwetu baadaye sana. Wadogo zake meno yao ni afadhali. Yeye ni mtoto wetu wa kwanza, naye aliyanywa maji kama yalivyotoka mtoni.

Basi, ndugu, fikirini hali yetu. Kila nguo tuliyoitafuta tuliweza kuipata, na doa moja alilotaka kulificha ni lile tulilompa sisi wenyewe kwa mikono yetu, katika kikombe, kwa mapenzi. Hatukuwa na la kusema. Mama yake ndiye aliyesema. Alimtoa mkono mdomoni, akamwambia, "Mwanangu, barakoa ni ya mgonjwa, nawe si mgonjwa. Mtume alitufundisha kuwa kumtabasamia mwenzio ni sadaka. Hakusema tabasamu la meno meupe. Utakwenda kuwanyima watu sadaka siku ya kwanza?"

Binti hakujibu. Akavua nguo zake, akazipiga pasi tena ingawa zilikwisha pigwa, akalala.

Asubuhi alitoka kabla ya jua kuchomoza, raba miguuni, viatu mkononi ndani ya mfuko. Barakoa aliichukua, tuliiona ikichungulia mfukoni mwa koti. Hatukumwambia neno. Kuna mambo ambayo mzazi akiyasema mara ya pili huyaharibu.

Aliporudi jioni tulimkuta amekaa na mama yake jikoni, naye akatusimulia. Saa za kwanza aliivaa ile barakoa. Kabla ya Adhuhuri akaingia bibi mmoja mzee, ameshika fedha zake katika fundo la kanga, akasita mlangoni hajui dirisha la kwenda. Binti yetu akamkaribisha, lakini bibi hasikii vizuri, na maneno yakizibwa na kitambaa hayamfikii. Ikambidi aishushe. "Shikamoo, bibi," akasema, akatabasamu. Yule mzee akamtazama sana, kisha akacheka, na meno yake machache yaliyobaki yalikuwa na rangi ile ile. Akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni wa kwetu, umekunywa maji yetu. Basi nihesabie wewe."

Akafungua fundo la kanga akamwekea fedha zake zote mbele yake.

Tangu siku ile hatukuiona tena barakoa. Nasi tulilala tukiifikiri ile kanzu iliyochanwa nyuma. Mwenye kuivaa labda angeona haya kwa kuchanika kwake, kumbe mchaniko ule ndio uliokuwa ushahidi wake.

Mwisho wa mwezi mshahara ulipoingia, kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa shilingi 10,000 za upatu kwa niaba ya mama yake, na cha pili ni kumpelekea jirani yetu sukari na majani ya chai. Baibui lake lililobaki zima alimpa msichana mmoja wa madrasa. Amejiwekea desturi ya kununua nguo moja kila baada ya miezi mitatu, kwa fedha iliyokwisha kuingia mkononi. Na masika yalipoanza, jiko la jirani lilikuwa limekwisha ezekwa, kwani zamu yetu aliyoichukua ilimfikia kwa wakati.

Kwa vijana wetu, wanaume na wanawake, mnaongoja barua za kazi, twasema: jiandaeni kwa nguo safi, chache, za halali. Msione haya kwa koti la mitumba, wala kwa kiatu kilichoshonwa. Oneni haya kwa hesabu isiyolingana. Na kwa wazazi wenzetu twasema: kijana akija na karatasi ya kausha damu, msiichane tu. Kaeni naye chini, mtafute pamoja mlango mwingine, japo itawabidi kugonga kwa jirani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awavike vijana wetu vazi lile lililo bora, awahifadhi na deni na riba, awafanye wenye kuhifadhi na wenye ujuzi, na atusamehe sisi wazazi yale tuliyowanywesha bila ya kujua. Amin.